Ukidaiwa pesa jetini au bandarini hapa Lamu: ujue nani ana haki ya kukudai na wewe ufanye nini

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Lamu, Pate, Faza, Kizingitini mpaka Kiunga, na nyinyi wa Malindi pia manake haya yanawahusu. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu pale Kililana lifunguliwe Mei 2021 maswali yamekua mengi. Mwenye boti anauliza pesa hizi ninazodaiwa ni za nani, mfanyabiashara ameagiza kontena anashangaa storeji, ile ada ya mzigo kukaa bandarini, inakaribia bei ya mzigo wenyewe, mvuvi anaambiwa asipite mahali alipokua akipita na babu yake. Na ninavyoona wengi wetu tunafanya moja kati ya mawili, ama mtu analipa kimya kimya bila risiti ama anazozana na afisa mpaka anakamatwa, na yote mawili hayasaidii. Mamlaka ya bandari ina nguvu kubwa kweli, lakini nguvu zile zimetoka kwa sheria na zinaishia pale sheria inapoishia, kwa hivyo ukijua imeandikwa nini na ukajua tarehe zinazokuhesabia, unaweza kusimama na haki yako bila kumpandishia mtu sauti. Nimeandika kwa ajili ya nahodha, mwenye jahazi, mvuvi na muuza duka, mwenye wakili wake tayari huenda ashayajua haya.

Anza kwa kujua anayekudai ni nani

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Pale jeti ya Mokowe kwa siku moja unaweza kuonana na watu wa ofisi tano na wote wamevaa kizibao chenye kung'aa, na kila mmoja ana kazi yake kisheria.

KPA, yaani Halmashauri ya Bandari, ndio wanaoendesha bandari: gati, kushusha na kupakia mizigo, maghala, rubani wa kuingiza meli, tagi za kuvuta. Sio Kilindini kule Mombasa na Kililana peke yake, bandari ndogo ndogo za pwani kama Lamu mjini, Malindi, Kilifi, Kiunga, Shimoni na Vanga pia ziko chini yao. KMA, yaani Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ni wengine kabisa, wale ni wa usalama wa vyombo, ndio wanaokagua boti yako, wanaotoa leseni ya chombo, wanaoangalia maboya ya kuokolea na cheti cha nahodha, na sheria zao kubwa ni ya KMA ya 2006 na ile ya usafiri wa meli ya 2009. KRA, mamlaka ya kodi, ndio forodha, ushuru wa bidhaa. Walinzi wa pwani, wale wa Coast Guard, wameundwa na sheria ya 2018, wao ni doria na kukamata, sio kukusanya ada ya jeti. Samaki ni idara ya uvuvi pamoja na BMU yenu, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe. Boriti ni watu wa misitu. Na kaunti nayo ipo.

Kaunti ndo inayoleta mkanganyiko zaidi kwa hivyo wacha nikae hapo kidogo. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya usafiri wa kaunti, na ndani yake imetajwa feri na bandari, lakini ikatoa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa, hiyo ikabaki Nairobi. Sasa ukisoma hivyo unaona kwa nini kwenye jeti moja kaunti inaweza kukuambia hii ni yetu na KPA nao wakakuambia ni yetu. Jibu sio wewe kulipa mara mbili. Jibu ni kumuuliza kila mmoja: wewe umenipa huduma gani hapa? Ibara ya 209 ya Katiba inaruhusu serikali zote mbili kutoza ada kwa huduma wanayotoa. Huduma wanayotoa, shikeni hayo maneno. Alafu Ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokua kwa sheria. Afisa akikwambia "ni maagizo kutoka juu", maagizo peke yake hayatoshi, lazima yawe yameegemea sheria iliyoandikwa. Upande wa kaunti sheria hiyo mara nyingi ni ile Sheria ya Fedha inayopitishwa na bunge la kaunti, na mle ndani ada zimeorodheshwa moja moja na bei zake. Mwakilishi wenu wa wadi anayo nakala, muombeni, mkiwa wengi mchange mtoe kopi moja muiweke ofisi ya wenye maboti.

KPA wamepewa nguvu gani hasa

Sheria yao ni Sura ya 391, ni ya 1978, ilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani kuvunjika 1977 na bandari zikawa za kila nchi peke yake. Mle ndani KPA wamepewa uwezo wa kuendesha, kuboresha na kusimamia bandari, kuchimba na kusafisha njia ya meli, kukataza au kuratibu watu, vyombo na mizigo ndani ya eneo la bandari. Kwa hivyo bwana bandari akikwambia ondoa mashua hapa meli inaingia, hayo ni mamlaka yake halali na usibishane naye majini, ondoa kwanza. Hata kanuni za bahari za dunia zinasema chombo cha chini ya mita 20 au cha tanga kisizuie meli ambayo haiwezi kupita salama isipokua ndani ya mkondo mwembamba, na chombo kinachovua nacho hakiruhusiwi kuzuia chombo chochote kinachopita ndani ya mkondo kama huo. Meli ile ya kontena haisimami ghafla jamani, na haigeuki pia. Ukiona umeonewa rudi nchi kavu ndo uanze kuandika.

Upande wa pesa, sheria inawaruhusu KPA kupanga na kutoza malipo kwa mambo matatu. Moja, huduma waliyokufanyia. Mbili, kutumia kitu chao, kama gati, winchi, ghala, uwanja. Tatu, kukupa leseni, kibali au cheti. Basi. Kila malipo ya KPA lazima yaingie kwenye moja ya hayo, na ukiyashika haya matatu una swali la kuuliza popote: bwana, hii ni huduma, ni matumizi, ama ni kibali? Kama haingii popote hapo lazima akuonyeshe sheria nyingine.

Bei zenyewe ziko kwenye tarifu, kitabu chao cha bei, na kinapatikana kwa tovuti yao. Kinatisha ukikifungua mara ya kwanza lakini kimegawanyika sehemu mbili kubwa. Kuna malipo ya chombo: rubani, tagi, kufunga na kufungua kamba, ada ya kuingia bandari, ada ya taa na maboya ya njia, kukaa gatini. Haya analipa mwenye meli au ajenti wake na kwa kawaida yanahesabiwa kwa ukubwa wa meli, mengi kwa dola. Alafu kuna malipo ya mzigo: kushusha kutoka melini, kuushughulikia nchi kavu, ada ya kupita gatini wanayoiita wofeji, na storeji. Mwenye duka wa Langoni aliyeagiza mzigo akiletewa bili ya rubani na tagi aulize mara moja, hiyo ni ya meli na ishaingia kwa nauli aliyolipa.

Ukiwa na chombo kidogo soma sehemu ya vyombo vidogo na majahazi peke yake, usikubali kupigiwa hesabu ya meli kubwa. Na soma toleo linalotumika sasa hivi, sio kopi iliyopigwa picha miaka iliyopita inayozunguka kwa wasap, manake tarifu inabadilishwa na kwa bandari ya Lamu kumekuwa na bei za promosheni za kuvutia meli, kwa hivyo yale ya Kilindini usiyachukue moja kwa moja ukasema ndio ya huku.

Ukidaiwa pale pale jetini

Usikasirike. Sema kwa adabu, wale nao ni watoto wetu na wengi wanafanya kazi yao tu. Maongezi yanaweza kwenda hivi:

"Salaam aleikum bwana afisa."

"Aleikum salaam mzee. Unadaiwa ada hapa."

"Sawa mwanangu, mimi kulipa sikatai. Niambie tu ni ada ya nini na ni ya ofisi gani."

"Ni ya kufunga chombo mzee."

"Haya. Nionyeshe basi imeandikwa wapi, na nikilipa nitapata risiti yenye jina la ofisi?"

Hapo umemaliza, huna haja ya kuongeza neno. Kama ni halali atakuonyesha na atakupa risiti na wewe ulipe uende zako. Kama sio halali mara nyingi mazungumzo yanakatika yenyewe. Risiti iwe na jina la taasisi, namba yake, tarehe, kiasi, na malipo ni ya nini. Maneno "ada" peke yake hayatoshi, iandikwe ada ya nini na ya chombo gani. Ukilipa kwa simu angalia jina linalotokea kabla hujaingiza namba ya siri, huduma nyingi za serikali kuu zinalipwa kwa ile namba ya eCitizen 222222 na kaunti wana yao, namba ya simu ya mtu binafsi ikataeni kabisa hata kama anayeipeana mnamjua kwao. Ile meseji ya malipo usiifute, piga picha ya skrini uitume kwa mtu wa nyumbani, manake simu zetu sisi wa baharini zinaanguka majini kila siku.

Na tafadhali nyinyi wenye maboti ya abiria, leseni ya KMA na maboya ya kuokolea yasiwe ndo sababu ya nyinyi kubanwa. Mtu ambaye boti yake haina leseni hawezi kuuliza swali lolote jetini, na afisa anajua hivyo. Hilo la usalama nalisisitiza kwa moyo wote, tumezika watu wengi kwa mikondo hii, abiria mmoja mmoja avae boya kabla boti haijaondoka Mokowe, hata kama ni safari fupi, hata kama bahari imelala.

Mzigo wa kontena: siku zinahesabiwa pande tatu

Hapa ndo pesa kubwa inapotea na sio wizi, ni watu kutojua. Kontena lako likishushwa kuna hesabu tatu zinaanza na hazingojani. Ya kwanza ni storeji ya bandari: unapewa siku kadhaa za bure, Kilindini kontena la humu nchini limekua likipewa siku 4, zikiisha unalipa kwa kila siku na bei inapanda kadiri unavyochelewa. Ya pili ni dimareji ya kampuni ya meli, hiyo haina uhusiano wowote na KPA, ni ya kontena lenyewe kwa kutorudishwa, ipo kwenye mkataba wenu na kampuni. Ya tatu ni forodha, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka mzigo uandikishwe ndani ya siku 21, ukipitisha unahesabiwa umewekwa ghala la forodha na huko kuna kodi ya ghala yake na mwisho ni kutangazwa na kupigwa mnada.

Watu wanamlaumu KPA kwa dimareji na wanamlaumu KRA kwa storeji, kisha wanapeleka malalamiko ofisi ambayo haihusiki na siku zinazidi kwenda. Kabla hujalalamika shika bili zote tatu utenganishe. Kama mtandao wa forodha umekwama au skana imeharibika na ndio sababu ya wewe kuchelewa, andika siku hiyo hiyo kwa KPA uombe storeji ya siku hizo iondolewe, na kwa kampuni ya meli vile vile uombe upande wao, weka ushahidi kama barua ya ajenti au ujumbe wa mtandao ukionyesha tarehe. Wanaweza kukubali yote, sehemu, au wakatae, lakini ombi la baadae baada ya mwezi bila ushahidi ni vigumu mtu kulisikiliza.

La muhimu zaidi ni kabla meli haijafika. Ajenti wa forodha awe na leseni ya KRA, muulize namba yake, na hati za mzigo zifike kabla ya meli, usajili ufanywe mapema, pesa ya ushuru iwe tayari. Wafanyabiashara wetu wengi wanatafuta pesa ya ushuru mzigo ukiwa tayari gatini, na hapo kila siku inayopita inaila faida. Muulize ajenti kwa maandishi: siku za bure ni ngapi, zinaanza kuhesabiwa lini, Jumapili na sikukuu zimo au hazimo. Akishindwa kujibu hayo mtafute mwingine.

Wakizuia mzigo wako

Sheria inawapa KPA haki ya kuushikilia mzigo mpaka walipwe malipo yanayohusu mzigo huo, na usipolipa muda mrefu wanaweza kuuuza kwa kufuata utaratibu wa ilani. Chombo nacho chaweza kuzuiliwa kwa deni lake. Kwa hivyo kusema "sitoi hata shilingi mpaka tuelewane" wakati storeji inapanda kila siku, mimi siungi mkono hata kama uko kwa haki. Ninachoshauri ni ulipe ukipinga. Yaani unalipa ili utoe mzigo, lakini kabla ya kulipa unapeleka barua fupi, unabaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, unasema hivi:

"Nalipa kiasi cha shilingi fulani kwa bili namba fulani ili niweze kuchukua mzigo wangu. Sikubali kwamba sehemu ya bili hii, yaani storeji ya kuanzia tarehe fulani hadi fulani, ni halali kwa sababu zifuatazo. Nahifadhi haki yangu ya kudai nirudishiwe."

Bila barua hiyo baadae utaambiwa ulilipa kwa hiari yako. Na sheria ya haki katika maamuzi ya serikali ya 2015, pamoja na Ibara ya 47 ya Katiba, inakupa haki ya kuandikiwa sababu pale uamuzi wa ofisi ya umma umekuumiza, kwa hivyo malizia barua kwa kuomba sababu kwa maandishi.

Kuomba tarifu, ramani na maelezo

Wengi hawajui kwamba unaweza kuandikia KPA au kaunti au KMA kwa Kiswahili na lazima wakujibu. Sheria ya kupata habari ya 2016 imesema wazi ombi liwe la maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyejua kuandika ofisi inatakiwa imsaidie. Hulipi kitu kupeleka ombi, wanaweza kukutoza gharama ya kutoa kopi tu. Wana siku 21 za kujibu. Ukikosea ofisi, wao ndio wanatakiwa walihamishe ombi kwa ofisi inayohusika ndani ya siku 5, sio kukuzungusha.

Barua yenyewe haihitaji mapambo. "Mimi fulani, raia wa Kenya, naomba chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 nipewe: sehemu ya tarifu inayohusu vyombo vya chini ya tani fulani katika bandari ya Lamu, ilani ya gazeti rasmi la serikali inayoonyesha mipaka ya bandari, kanuni inayotumika kutoza ada katika jeti ya mahali fulani." Weka simu yako, tia sahihi, peleka kopi mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ile ya mipaka ya bandari wavuvi wangu msiisahau, kwa sababu nguvu nyingi za KPA juu ya vyombo zinafanya kazi ndani ya mipaka hiyo, na mtu wa Matondoni au Ndau anayeambiwa hapa ni eneo la bandari ana haki kuona mstari uko wapi kwenye ramani.

Siku 21 zikipita kimya, au ukinyimwa, unapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale wanaoitwa Ombudsman, na hiyo ufanye ndani ya siku 30. Anzia Huduma Centre hapa Lamu uulize njia ya kuwafikia.

Wakikuharibia: tarehe ndio adui yako

Hili ndo lililonifanya nikae chini niandike, kwa hivyo msomeshe na mwenzako. Kama chombo cha KPA kimegonga mashua yako, nyavu zako zimekatwa na tagi, mzigo wako umeharibika mikononi mwao, sheria ya kawaida ya Kenya ingekupa miaka 3 kwa madhara na 6 kwa mkataba. Kwa KPA sio hivyo. Kifungu cha 66 cha Sura ya 391 kinasema kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu jambo lilipotokea, au kama madhara yanaendelea, ndani ya miezi 6 tangu yaliposimama. Na kabla ya kesi lazima umpelekee Mkurugenzi Mkuu notisi ya maandishi, ikieleza madai yako na nia yako ya kushtaki, kisha ungoje angalau mwezi mmoja.

Ukihesabu vizuri, huna mwaka, una miezi 11. Na mazungumzo hayasimamishi hesabu. Mtu anaambiwa njoo wiki ijayo, mkubwa hayupo, tumetuma Mombasa tunangoja, kila mtu anaongea naye vizuri na chai anapewa, miezi inapita, siku anapokwenda mahakamani anaambiwa umechelewa na kesi inatupwa hata kama kila mtu anakubali mashua iligongwa. Inauma sana hii. Peleka notisi wiki ya kwanza, mazungumzo yaendelee huku notisi iko ndani, hakuna afisa muungwana atakayekuchukia kwa hilo.

Notisi iwe na haya: jina lako na la chombo na namba ya leseni, tarehe na saa, mahali (taja mlango, mkondo, kisiwa, na kama una simu weka alama ya ramani), nini kilifanyika, chombo gani cha KPA kilihusika, umeharibikiwa nini kwa shilingi na risiti zake, na sentensi inayosema wazi kwamba usipolipwa unakusudia kushtaki. Elekeza kwa Mkurugenzi Mkuu, Mombasa. Unaweza kuikabidhi ofisi yao ya Lamu lakini mimi ningetuma na nyingine moja kwa moja kwa makao makuu kwa njia yenye kusainiwa, manake sheria imemtaja yeye. Piga ripoti polisi na kwa KMA siku hiyo hiyo, piga picha kabla fundi hajagusa ubao. Mahakama za chini zinaruhusu Kiswahili, Mahakama Kuu inatumia Kiingereza, kwa hivyo kama dai ni kubwa hapo ndo utafute wakili mapema, sio mwezi wa 12.

Kuna njia mbili ambazo haziendi hivi. Ya kwanza ni Katiba. Wavuvi wa Lamu walipoona uchimbaji wa bandari unaziba sehemu zao za kuvua na kuharibu bahari hawakudai kama mtu aliyegongwa mashua, walikwenda Mahakama Kuu ya Malindi 2012 kwa ombi la kikatiba, na Aprili 2018 majaji wakaamua haki zao zilivunjwa, ikiwemo haki ya mazingira safi, habari na utamaduni, na wakaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600. KPA ilikata rufaa na baadae yakafuata mazungumzo ya nje ya mahakama. Ile kesi ilichukua miaka 6, kwa hivyo sio njia ya mtu mmoja mwenye wavu mmoja, ni njia ya watu wengi walioumizwa na mradi mzima. Na ikifika siku ya kulipana swali la kwanza ni wewe ni mvuvi kweli, nani anakujua, kwa hivyo jina lako liwe kwenye daftari la BMU saa hii, na kina mama wanaookota kombe na wachuuzi wa samaki nao waandikishwe, wasiachwe nje kwa sababu hawana chombo.

Ya pili ni shamba. Sheria inawaruhusu KPA kuingia kwenye ardhi ya watu kupima na kuzuia hatari, na kifungu cha 62 kinasema wafanye uharibifu mdogo iwezekanavyo na waliyemharibia alipwe fidia ya kukubaliana. Msiposikizana, huendi kufungua kesi ya kawaida, mnakwenda kwa msuluhishi mmoja anayeteuliwa na Jaji Mkuu. Watu wamepoteza pesa ya mawakili kwa kufungua kesi mahakamani kisha wakaambiwa mlango sio huu. Basi wewe mwenye mnazi Kililana, Mokowe au Hindi, wapimaji wakija waulize kitambulisho na barua, hesabu miti yako pamoja nao, andikeni idadi mtie sahihi nyote wawili na mzee wa mtaa awe shahidi, na karatasi ile uiweke pamoja na hati ya shamba.